Ujira wa Kibarua

Hombolo katika Dodoma ni nchi ya mizabibu. Bwawa lake lilijengwa mwaka 1957, na kandokando yake zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Kazi ya kupogoa, kupalilia na kuchuma hufanywa na vibarua, nacho kilio cha kibarua chajulikana: kazi imekwisha, ujira haujalipwa. "Subiri zabibu ziuzwe," huambiwa. Lakini njaa ya Ugogo haisubiri soko. Kibarua hukopa mtama, kisha hulipa kwa jasho la msimu ujao ambao hata haujaanza. Hivyo ndivyo umaskini unavyorithiwa, wala si kwa uvivu, kama wapendavyo kusema walioshiba.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti yake kwa maandishi: kazi gani, saa ngapi, ujira kiasi gani. Wengi hudhani asiye na karatasi hana haki. Sivyo! Shauri likifika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na mwajiri akashindwa kuonyesha maandishi, ni juu yake yeye kuthibitisha mapatano yalikuwaje. Lakini madai ya ujira yapelekwe ndani ya siku 60. Kibarua mwenye subira nyingi hujikuta amechelewa.

Hata hivyo sheria hiyo ina tundu. Kifungu cha maandishi hakimhusu afanyaye kazi chini ya siku 6 kwa mwezi kwa mwajiri mmoja. Basi mama achumaye siku 3 kwa huyu na siku 4 kwa yule, ambaye pengine ndiye maskini kuliko wote, hana karatasi ya kudai.

Hapo ndipo dhamiri inapodaiwa kufanya lisilofanywa na sheria. Papa Leo XIII, katika barua Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba mapatano peke yake hayatoshi. Ujira sharti umtunze mfanyakazi. Naye Mtume Yakobo awaonya vikali wenye mashamba wanaozuia ujira wa wavunaji. Wenye mashamba hao wamo pia miongoni mwetu tusomao gazeti hili na kukaa viti vya mbele kanisani. Kwao daftari moja latosha: tarehe, mistari iliyopogolewa, ujira, siku ya kulipa, na alama ya dole gumba kwa asiyejua kuandika.