Somo: Mabaki Yasipotee

Bwana Yesu alipokwisha kuwashibisha watu 5,000, aliwaagiza wanafunzi wakusanye mabaki. Wakajaza vikapu 12 (Yoane 6). Basi, mama wa Aveba naye asitupe mabaki ya uzi wa sufu. Ayaunge ncha kwa ncha, afume vipande kwa sindano ya kulabu, kisha aviunganishe: ndilo blanketi.

Ampe nani? Vita vya Ituri vilivyoanza 1999 viliwafukuza wengi makwao. Ampe mtoto wa mkimbizi, hata akiwa wa kabila la waliomchomea nyumba. Uzi ni wa mabaki. Mapendo yasiwe ya mabaki.

Swali: Tabita wa Yopa aliwashonea nani nguo?
Jibu: Wajane (Matendo 9).