Nani anatusoma, na sisi tunamsoma nani?

Mwaka jana alikuja msikitini kwetu mtafiti mmoja, binti wa chuo kikuu cha Ulaya. Alikuja kwa adabu, amejisitiri vizuri, na Kiswahili chake kilikuwa fasaha kuliko cha wengi wa wanafunzi wangu wa kidato cha nne. Baada ya sala ya Alasiri aliketi barazani na mzee wetu mmoja, akatoa nakala ya barua ya zamani iliyoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, akaomba asaidiwe neno moja lililomshinda. Mzee alilisoma bila hata kutafuta miwani yake. Mimi nikawaita vijana watano wa madrasa, wote wameshakhitimu Qur'an, nikawapa karatasi ileile. Hakuna aliyemaliza mstari mmoja. Herufi wanazijua tangu utotoni. Kilichowashinda ni kwamba hawakutegemea kukuta Kiswahili ndani yake.

Ndugu msomaji, jambo hili lilininyima usingizi. Na haikuwa kwa sababu ya mgeni yule.

Katika vyuo vikuu vya Magharibi ipo elimu inayoitwa masomo ya maeneo. Mtu anachagua sehemu moja ya dunia, mathalan Afrika au Mashariki ya Kati, akaisomea lugha yake, dini yake, mila zake na siasa zake. Kwa maneno hayo peke yake hakuna ubaya. Aya ya 13 ya Suratul Hujurat inatufundisha kuwa Mwenyezi Mungu (SW) ametufanya mataifa na makabila ili tujuane. Lakini hebu tujiulize: elimu hii ilianzishwa na nani, na kwa kazi gani?

Mjerumani alifungua chuo cha lugha za Mashariki mjini Berlin mwaka 1887, wakati uleule alipokuwa anaanza kuinyakua pwani yetu. Kiswahili kilifundishwa pale kwa maofisa na wakalimani waliokuwa wanakuja kutawala. Waingereza nao wakaanzisha chao cha London mwaka 1916, himaya yao ikiwa bado imara. Marekani ilichelewa, lakini baada ya Warusi kurusha Sputnik mwaka 1957, ilipitisha mwaka 1958 sheria ya kugharimia masomo ya lugha na maeneo ya kigeni, na jina lenyewe la sheria ile lilitaja elimu na ulinzi wa taifa pamoja. Ulinzi! Hapo hawakuficha kitu.

Sasa tumtazame mtu mmoja, maana historia ya vyuo bila watu haifundishi sana. Mtoro bin Mwinyi Bakari alikuwa msomi wa Bagamoyo, amelelewa katika Qur'an na sheria. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Yeye ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotoka mwaka 1903, ambacho hadi leo huwezi kuandika juu ya ndoa, jando, ngoma, maradhi au mazishi ya pwani ya Mrima bila kukipitia. Jalada lilibeba jina la Carl Velten, mwalimu wa Kijerumani aliyekuwa mkalimani wa serikali ya kikoloni Dar es Salaam. Mtoro alioa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka 1905 wakapanda meli kurudi nyumbani, na walipofika Dar es Salaam watawala wakawakatalia kuteremka pamoja. Mtu aliyewafundisha watawala desturi za nchi yake akazuiwa kuingia katika nchi hiyo na mkewe! Wakarudi Ujerumani, akafundisha tena, safari hii Hamburg, na akafariki Ujerumani mwaka 1927. Tafsiri ya Kiingereza iliyompa haki yake kama mwandishi ilitoka mwaka 1981.

Nilipokuwa chuo kikuu nilipewa orodha ndefu ya vitabu kuhusu Uislamu wa Afrika Mashariki. Jina la Mtoro halikuwemo. La Velten lilikuwemo.

Huko huko Hamburg alikuwepo Carl Becker, mtaalamu wa Uislamu, ambaye mwaka 1911 aliandika juu ya Uislamu katika koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Miaka mitatu kabla yake, mwaka 1908, ilikuwa imesambaa pwani barua iliyodaiwa kutoka Makka, na serikali ikaingiwa na hofu ya uasi. Tangu hapo Muislamu wa kawaida, mwenye shamba lake la minazi na watoto wake chuoni, akawa ni suala la kuchunguzwa: ni hatari au si hatari? Baada ya Septemba 2001 swali hilohilo lilirudi na nguo mpya.

Edward Said, Mpalestina aliyefundisha New York, alilifichua jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1978, Orientalism. Alionyesha kuwa "Mashariki" ya vitabu vile ilitengenezwa na wenye nguvu kwa matumizi yao. Wengi wetu tunapenda kumtaja. Tunamtaja ili tuseme "mnaona?", kisha tunarudi kulala. Lakini Said alikuwa amewasoma Wazungu, riwaya zao na muziki wao, kuliko Wazungu wengi walivyojisoma. Sisi tunamsoma nani?

Tusijidanganye pia kwamba dhambi hii ni ya Wazungu peke yao. Al-Biruni alijifunza Kisanskriti akaandika juu ya India mnamo mwaka 1030 kwa uadilifu unaostaajabisha, akawaeleza Wahindu kwa hoja zao wenyewe. Lakini njia ya kufika huko ilifunguliwa na majeshi ya Mahmud wa Ghazna, yaliyovunja mahekalu. Mwanachuoni anaweza kuja nyuma ya upanga akaandika ukweli, na anaweza kuja kwa amani akaandika uongo. Kwa hiyo kumfukuza mtafiti mlangoni si jawabu. Kumuuliza anaandika kwa ajili ya nani, na kitabu kikitoka nakala itarudi wapi, hiyo ni haki yetu. Binti yule nilimuuliza. Alitujibu vizuri.

Kinachoniuma zaidi ni sisi wenyewe. Kijana wa leo ana dunia nzima kwenye simu yake. Anamsikiliza sheikh wa Riyadh, wa Cairo, wa Birmingham, lakini ukimuuliza ni nani aliyemsomesha imamu wa mtaa wake, hajui. Anaamini elimu huwa inatoka mbali na kushuka hapa, kana kwamba pwani hii haikuwahi kutoa wanavyuoni. Sheikh Abdallah Saleh Farsy aliandika kwa Kiswahili habari za wanavyuoni wetu wa Kishafi, nani alisoma kwa nani, nani alikuwa kadhi wapi. Kitabu hicho kilitafsiriwa na kuchapishwa Marekani mwaka 1989, na mimi nilikisoma kwanza kwa Kiingereza. Naona haya kuliandika hili, lakini ndiyo kweli.

Kila Jumamosi baada ya Alasiri sasa nakaa na vijana saba. Sharti la kuingia ni moja: uje na karatasi ya zamani kutoka nyumbani kwenu. Mmoja alileta hati ya deni la minazi ya babu wa babu yake, wino umefifia. Tumeshafika mstari wa nne. Yule mzee wetu ndiye mwalimu, mimi nimekaa upande wa wanafunzi.