Bibi Titi na Watu wa Rufiji

Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, lakini jamaa zake walikuwa watu wa Rufiji, nchi ya mpunga na mikoko. Baba yake alikataa asipelekwe shule, akiogopa kwamba mtoto akisoma huko ataiacha dini yake. Hofu hiyo haikuwa ya upumbavu, kwa maana shule nyingi za siku zile zilikuwa za misheni. Baba alipokufa, mama yake akampeleka. Akasoma miaka minne tu. Alipovunja ungo akawekwa ndani, kisha akaozwa.

Miaka minne! Hata hivyo, mwaka 1955 alipowekwa kuwaongoza wanawake wa TANU, aliviendea vikundi vya ngoma, kwani mwenyewe alikuwa mwimbaji hodari, akawaandikisha wanawake kwa maelfu.

Nchi ikapata uhuru mwaka 1961. Mwaka 1965 Bibi Titi akasimama Rufiji kutaka ubunge. Wakati ule Kibiti na delta yote zilikuwa ndani ya Rufiji. Wanawake wakaja kupiga kura pamoja na waume zao. Kura zao zikahesabiwa sawasawa, naye akashindwa.