Bandeji Zenye Dawa ya Kuua Vijidudu: Matumizi Sahihi Nyumbani

Kipeperushi hiki ni kwa mtu mwenye kidonda na kwa jamaa wanaomuuguza nyumbani hapa Uingereza.

Je, kila kidonda huhitaji bandeji hizi?

La. Vidonda vingi vya wazi huwa na vijidudu, hata vile vinavyopona vizuri. Bandeji yenye dawa hutumiwa pale vijidudu vinapozidi hadi kuzuia kidonda kisipone, au dalili za maambukizi zinapoonekana. Muuguzi ndiye anayeamua.

Aina tatu zitumiwazo sana

*Fedha.* Madini haya huua bakteria yanapokutana na unyevu wa kidonda. Yaweza kuacha rangi ya kijivu au nyeusi ngozini. Kabla ya kipimo cha MRI, mjulishe mhudumu kwamba umefungwa bandeji hii.

*Iodini.* Rangi yake hufifia dawa inapokwisha, nayo ni ishara kwamba bandeji ibadilishwe. Mweleze muuguzi kwanza ikiwa una maradhi ya tezi ya shingo au ya figo, una ujauzito, au unanyonyesha.

*Asali ya tiba.* Hii imetakaswa kwa mionzi. Asali ya jikoni, hata iwe safi namna gani, isitiwe kidondani, kwa kuwa yaweza kubeba mbegu za vijidudu. Asali ya tiba yaweza kuchoma kidogo. Maumivu yakizidi, mwarifu muuguzi.

Unapohudumia kidonda

- Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada ya kugusa bandeji.
- Usiifungue kabla ya siku uliyoelekezwa, isipokuwa imelowa, imelegea au inanuka.
- Usitie majivu, dawa ya meno, wala unga wa kapsuli za viuavijasumu. Unga huo waweza kudhuru ngozi, na huchangia usugu wa vijidudu dhidi ya dawa.
- Usitumie bandeji iliyobaki ya mgonjwa mwingine.

Kwa kawaida muuguzi hukagua maendeleo baada ya wiki 2. Kidonda kikiwa na nafuu, hurejea kwenye bandeji ya kawaida. Hilo si kupunguziwa huduma. Ni dalili ya kupona.

Dalili za hatari

Katika ngozi nyeusi, wekundu hauonekani kwa urahisi. Tazama badala yake ngozi iliyoiva zaidi au kuwa ya zambarau. Gusa kwa mgongo wa mkono uone kama pana joto, uvimbe au ugumu. Maumivu yanayoongezeka, usaha na harufu mbaya pia ni dalili. Wasiliana na daktari wako wa familia, au piga simu 111.

Mwenye kisukari akiona kidonda mguuni, hata kama hakiumi, atafute huduma siku hiyohiyo. Kisukari huweza kuondoa hisia za mguu, na kuchelewa kwaweza kusababisha mguu kukatwa.

Piga 999 mara moja ikiwa mgonjwa amechanganyikiwa, anapumua kwa shida, au midomo, viganja na nyayo zake zimepauka au kugeuka rangi.

Lugha isiwe kizuizi

Una haki ya kupata mkalimani bila malipo. Unapoweka miadi, sema kwamba unahitaji mkalimani wa Kiswahili. Tafadhali usimtumie mtoto kukutafsiria.