Macheo ya Shelui: Mwanga Huanzia Magharibi

Basi linalotoka Singida kwenda Nzega na Mwanza hupita Misigiri, kisha barabara huanza kujikunja ikiushuka mlima Sekenke. Chini ya mteremko huo upo mji wa Shelui, wilayani Iramba, kilomita 110 hivi kutoka Singida mjini. Abiria wengi huuona kwa dakika chache tu: maduka ya kando ya lami, malori yaliyoegeshwa, mama lishe akikoroga chai. Baada ya hapo safari huendelea kuvuka mbuga ya Wembere kuelekea Igunga. Mpigapicha wa mandhari ana sababu nzuri ya kushuka hapa, kutafuta gesti na kuamka gizani.

Sababu yenyewe ni kwamba mlima uko mashariki mwa mji. Jua linapochomoza, walioko juu kwenye uwanda wa Iramba huliona kwanza. Mwanga hupita juu ya mapaa ya Shelui na kwenda kutua mbali, upande wa magharibi, kwenye nyasi za Wembere. Mji bado umo kivulini. Kisha ukingo wa kivuli huanza kurudi taratibu kuelekea mlimani, ukifichua mti, zizi, njia ya ng'ombe, bati moja baada ya jingine, na mguu wa mlima ndio unaopata jua mwisho kabisa. Mgeni aliyekuja na picha ya duara jekundu juu ya Bahari ya Hindi akilini mwake, akasimama kulisubiri huku ameukazia macho mlima, anaweza kukosa picha bora kuliko zote kwa sababu iko nyuma ya mgongo wake.

Saa ya kuamka inataka hesabu kidogo. Saa za Tanzania hufuata mstari wa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ambao kwa latitudo hii unapita baharini, ilhali Shelui iko karibu na nyuzi 34. Kwa hiyo jua la hapa huchelewa kwa dakika zaidi ya 40 likilinganishwa na saa ya ukutani. Kwenye upeo ulio wazi lingechomoza kati ya saa 12:20 asubuhi, mwanzoni mwa Novemba, na saa 12:50 hivi, mwezi Julai. Mlima nao huongeza ucheleweshaji wake. Karibu na ikweta jua hupanda wima, takriban nyuzi moja kila dakika 4. Mpigapicha akinyoosha mkono jioni ya kuamkia siku ya kazi na kuona kwamba kilele kinafunikwa na upana wa vidole viwili, basi ajue jua litamfikia kiasi cha robo saa baada ya muda ulioandikwa kwenye programu ya simu. Robo saa hiyo ni ya thamani kubwa: anga tayari ina rangi, mbuga ya mbali tayari inang'aa, na hakuna mwale unaoipiga lenzi.

Jua nalo halichomozi mahali pamoja mwaka mzima. Mwezi Juni huchomoza nyuzi 23 hivi kaskazini ya mashariki halisi, na Desemba kiasi kilekile kusini yake, kwa hiyo pengo la mlima lililofaa Desemba halitafaa Juni.

Pa kusimama ni pawili. Pa kwanza ni mbugani, magharibi mwa mji, ambako bodaboda humfikisha mtu mapema kabla ya alfajiri kupevuka. Hapo ukitazama mashariki, Sekenke ni ukuta mweusi chini ya anga ya rangi ya chungwa. Ukigeuka magharibi, unaona mstari wa mwanga na kivuli ukisogea ardhini. Pa pili ni juu ya mlima, ambako Wembere yote hutandazwa chini. Tahadhari ni moja na haina mjadala: kwenye kona za Sekenke hupita malori mazito usiku na mchana, na dereva anayeshuka hatarajii kukuta mtu aliyeinamia kamera. Gari liegeshwe juu, kwenye ardhi tambarare, mbali kabisa na lami, na sehemu iliyobaki iwe ya miguu.

Majira hubadilisha picha kuliko kamera ghali inavyoweza. Mkoa wa Singida una msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili. Miezi hiyo hewa husafishwa, mawingu hupata rangi na Wembere hushika maji, hivyo ardhi yenyewe huakisi anga. Njia hugeuka tope, hata hivyo, na asubuhi nyingine hakuna kinachoonekana ila kijivu. Kiangazi huleta vumbi na moshi wa nyasi. Wapo wanaoulalamikia ukungu huo, lakini kwa macheo una faida kubwa: hutenganisha mti wa karibu, mti wa kati na mlima wa mbali katika weusi wa viwango tofauti, na picha hupata kina. Ng'ombe wakitoka mazizini, vumbi la kwato huwaka pale jua likiwa nyuma yao.

Katika kupanga picha, swali la mwanzo ni nani mwenye nchi, anga au ardhi. Anga ikiwa tupu, ipewe sehemu ndogo ya fremu, theluthi moja au pungufu. Mawingu yakiwa yamejipanga, yapewe theluthi mbili na ardhi ibaki utepe mwembamba. Kugawa nusu kwa nusu huifanya picha isiamue, isipokuwa kuna maji yanayoakisi mawingu. Mbuga ya Wembere ni tambarare kiasi kwamba upeo ukiinama hata kidogo jicho hulalamika, basi gridi ya simu iwashwe. Kisha kitafutwe kitu kimoja cha mbele: mgunga uliosimama peke yake, mchungaji, baiskeli yenye madumu. Kimoja kinatosha. Kwenye simu, mpigapicha aguse sehemu yenye mwanga angani na kushusha mwangaza mpaka rangi za mawingu zirudi. Weusi wa mlima hauna ubaya wowote.

Dhahabu ya Sekenke, iliyoanza kuchimbwa zama za Wajerumani, inatoa somo lake hapa. Mwaka 1916 Wajerumani, wakiwa wamezingirwa na vita, waliitumia kutengeneza sarafu ya rupia 15 mjini Tabora. Upande mmoja wake una tembo mkubwa mbele na mlima nyuma. Aliyeichora alikuwa na kiduara kisichofika sentimita 3, akachagua mhusika mmoja na mandhari moja. Fremu ya simu nayo ni ndogo namna hiyo.

Kuchagua huko huendelea baada ya kurudi gesti, kwenye kukata picha. Wapo wanaoona kukata ni kukiri kushindwa. Mfaransa Henri Cartier-Bresson alijulikana kwa kukataa picha zake zisikatwe, lakini picha yake mashuhuri ya mwaka 1932, ya mtu anayeruka dimbwi nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare jijini Paris, ilikatwa, maana uzio uliingia pembeni. Kukata kunaruhusiwa pale ambapo kinachoondolewa hakikuwa sehemu ya habari: nguzo ya umeme iliyochungulia kwenye kona moja, nusu ya lori, anga tupu iliyozidi.

Hesabu ya pikseli nayo iheshimiwe. Picha ya kawaida ya simu ya pikseli 4000 kwa 3000 ina uwiano wa 4:3. Ikikatwa juu na chini kuwa 16:9, umbo linaloifaa mbuga pana, hubaki 4000 kwa 2250, na bado inachapika vizuri kwa upana wa sentimita 33 hivi. Lakini mpigapicha akikata nusu ya upana na nusu ya urefu ili kuuvuta mgunga wa mbali, kinachobaki ni robo ya picha, na karatasi nzuri haitazidi sentimita 17. Kuvuta kwa vidole wakati wa kupiga mara nyingi huwa ni kukata kulekule, tofauti ni kwamba hakurudishiki. Heri kutembea hatua mia zaidi kuelekea mti. Na faili la asili lisifutwe; ukataji ufanywe kwenye nakala.

Umbo la wima ndilo lenye mitego. Mandhari ya Shelui hulala, ilhali mitandao ya kijamii hupenda picha zilizosimama. Februari 1982 jarida la National Geographic liliyasogeza kwa kompyuta mapiramidi ya Giza ili picha ya mlalo itoshee jalada la wima, na lawama zake zinafundishwa mpaka leo. Njia ya haki ni kupiga picha mbili papohapo, moja ya mlalo na moja ya wima, ile ya wima ikitegemea barabara inayokwenda mbali au wingu refu lililosimama juu ya Sekenke.

Watu wa hapa ni Wanyiramba kwa Wasukuma na wengineo, nao huanza kazi mapema. Mzee apewe "shikamoo" kabla ya kamera kutolewa, na mchungaji aombwe ruhusa kabla ng'ombe wake hawajapigwa picha. Kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, ruhusa iombwe kwa msimamizi wao kwanza, na akikataa imetosha. Kambi za jeshi na vituo vya polisi visiingizwe kwenye fremu. Anayetaka kurusha droni juu ya Wembere anahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania na idhini ya wizara ya ulinzi, mambo ya kushughulikiwa wiki kadhaa kabla ya kukata tiketi ya basi.