Mabaki ya Chakula Kuwa Nishati: Tuanze na Mzani Kabla ya Tangi

Na Mratibu wa Miradi, Dayosisi

Swali linaloletwa mara nyingi na kamati za maendeleo za sharika ni hili: taka za chakula zinazojaa mitaani kwetu, je, haziwezi kutupikia? Swali ni zuri na limekuja wakati wake. Serikali ilizitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024, na mwezi Mei mwaka huo ukazinduliwa mkakati unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Shule zetu, hosteli na vituo vya watoto vimo humo. Gesi ya mtungi ipo, lakini inadai fedha kila mwezi, na ada za wazazi tunazijua zinavyoingia.

Tuanzie Mwenge, kwa kuwa wengi wetu tunapita pale. Jioni, baada ya watu kupanda daladala, kinachobaki chini ni makapi ya miwa ya wauza juisi, maganda ya machungwa na maembe, maganda ya ndizi na viazi vya chipsi, na wali na ugali kutoka kwa mama lishe. Mgeni huona mali ya bure. Mwenyeji anajua kwamba sehemu kubwa ya mali hiyo ina mwenyewe. Ugali na wali uliobaki huchukuliwa na wafuga nguruwe, mara nyingi kwa ndoo walizoziacha pale tangu asubuhi. Kwenye viwanda hali ni hiyo hiyo: machicha ya bia kutoka Ilala na Chang'ombe ni chakula cha ng'ombe wa maziwa, na pumba na mashudu huuzwa kwa gunia. Mradi utakaotegemea vitu hivyo utashindana na mfugaji, na siku bei ya chakula cha mifugo itakapopanda, mtambo ndio utakaokosa. Kwa hiyo kamati itafute kwanza kile ambacho hakuna anayekitaka, ambacho watu hulipa ili kiondolewe.

Kisha itenganishe kikavu na kibichi, maana njia zake ni mbili tofauti.

Kikavu huchomwa. Mfano mkubwa tulio nao nchini ni viwanda vya sukari. TPC, kule Arusha Chini karibu na Moshi, huchoma makapi ya miwa kwenye tanuri za mvuke. Mvuke huzungusha mashine za umeme, kiwanda hujiendesha, na ziada huuzwa TANESCO. Kwa nini imewezekana pale? Makapi hayasafiri. Yanatoka kwenye kinu yakiwa mikononi mwa yule yule anayehitaji moto. Lakini hata hapo umeme unafuata miwa. Mumias, magharibi mwa Kenya, walifunga mtambo wa megawati 38 mwaka 2009 ili wauze megawati 26 kwenye gridi. Miwa ilipopungua na kampuni ikaingia kwenye madeni, umeme nao ukakatika. Mashine ilikuwepo, iliyokosekana ni miwa.

Kibichi huozeshwa. Ndani ya tangi lisiloingia hewa, bakteria huvunja wanga, sukari na mafuta na kutoa gesi inayowaka, methani, ikichanganyika na hewa ya ukaa. Mchanganyiko huo ndio biogesi. Joto la Dar es Salaam linafaa bila kupasha tangi moto, jambo ambalo wenzetu wa Ulaya hulilipia. Mkonge si chakula, lakini mfano wa Hale, Tanga, una mengi ya kutufundisha: kati ya kilo 100 za majani, nyuzi ni kama kilo 4 tu, zilizobaki zilikuwa zikitupwa. Mwaka 2008 Katani Ltd, kwa msaada wa UNIDO na Mfuko wa Pamoja wa Bidhaa, walizindua pale mtambo wa kilowati 150 unaokula mabaki hayo. Karibu na Ziwa Naivasha, Kenya, ukajengwa mtambo mwingine wa megawati 2 na kidogo unaotumia mabaki ya mashamba ya mboga. Kote huko taka zinatoka kwa mwenye mtambo mwenyewe.

Sasa tugeukie jiji letu, ambako taka zina wenyewe maelfu. Wazee watakumbuka mradi ulioitwa Taka Gas, uliopangwa miaka ya 1990 kwa fedha za mfuko wa mazingira wa dunia, ili taka za Dar es Salaam zitoe umeme. Haukujengwa. Baadaye, katika dampo la zamani la Mtoni, Temeke, mabomba yalitobolewa kwenye lundo na gesi ikakusanywa na kuchomwa ili isiharibu hali ya hewa. Kazi njema, ila haikumpikia mtu chai. Chakula kilichochanganyika na mifuko, betri na vioo hakifai tena kulisha mtambo mzuri. Kutenganisha hufanyika pale kinapotupwa, si dampo. Hilo linawezekana: kiwanda cha mboji cha Mabwepande, Kinondoni, kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, kilipangwa kupokea taka za masoko peke yake.

Je, usharika uweze nini? Kuna mtambo mdogo uliobuniwa Pune, India, na Dkt. Anand Karve na taasisi ya ARTI, ukapata Tuzo ya Ashden mwaka 2006 na baadaye ukaletwa Dar es Salaam. Ni simtanki mbili, moja imegeuzwa na kuelea ndani ya nyingine. Gesi ikijaa la juu linapanda. Mwaka 2008 watafiti kutoka Uswisi waliupima Chuo Kikuu cha Ardhi, si mbali na Mwenge. Kwa kilo 2 za mabaki ya chakula kwa siku, jiko liliwaka chini ya saa moja. Hiyo ni chai na uji. Maharage hayaivi hapo.

Naomba wahazini wafuate hesabu hii. Kilo 1 ya mabaki ya chakula kilichopikwa hutoa lita 100 za gesi au zaidi kidogo. Lita 1,000 za biogesi zinakaribia nusu kilo ya gesi ya mtungi. Kwa hiyo jiko la chekechea linalomaliza mtungi wa kilo 15 kwa mwezi linahitaji kilo 10 hivi za mabaki kila siku, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, maana bakteria hawana likizo. Maganda ya matunda yana maji mengi, hivyo yatahitajika zaidi. Ya machungwa na ndimu yasitiwe kwa wingi, mafuta yake huwadhuru bakteria. Na ukilisha kupita kiasi tangi huchacha kama pombe, gesi inakoma, na mtaa mzima utakuja kulalamika kwa mchungaji kuhusu harufu.

Nimeona mitambo mingi iliyokufa mikoani. Michache ilipasuka. Iliyobaki ilikufa njaa: shule ilifungwa, mpishi akahama, mtu wa kubeba ndoo hakulipwa. Wafadhili wetu hupenda kugharamia tangi kwa sababu linapigwa picha na kuwekwa kibao. Tunawaomba waangalie pia mstari mdogo wa bajeti, posho ya mtu anayekusanya, anayekata vipande na kukagua bomba, walau kwa miaka miwili. Mstari huo ukikatwa, mimi binafsi sitapendekeza tangi lijengwe.

Kamati inayotaka kuanza ifanye hivi. Inunue mzani na ndoo mbili zenye mifuniko, iandikiane na mama lishe au kantini tatu zilizo karibu, na kwa siku 30 ipime kila jioni kilichopatikana na nani alikileta. Siku ya sifuri iandikwe sifuri. Iulize pia kama kuna mfugaji aliyekuwa akikichukua, na ikiwa yupo, ikae naye. Daftari hilo liletwe ofisi ya miradi pamoja na risiti za mkaa au gesi za mwezi huo huo. Wastani ukiwa chini ya kilo 10 kwa siku, tutazungumzia majiko banifu na mtungi. Ukifika, fundi atakuja kupima kiwanja, mbali kidogo na ukuta wa jiko, mahali penye jua na penye nafasi ya kumwagia maji yanayotoka tangini, ambayo mboga na migomba huyapenda sana.