Mgeni Akilia Usiku
Somo: Mithali 12:10

Andiko hili linapima haki ya mtu hata kwa anavyotunza mnyama wake. Majuzi tulileta nyumbani mtoto wa mbwa wa wiki nane. Usiku wa kwanza alilia mpaka jirani akagonga ukuta. Tukaambiwa, "Mrudisheni." Lakini hakuwa mkaidi, hakuwa amewahi kulala bila mama yake. Tukaweka boksi lake karibu na kitanda, tukampa chakula kidogo mara nne kwa siku. Akifika miezi mitatu, anadungwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Usiku wa nne akalala.

Zoezi la wiki: Kwako kuna mgeni, labda mtoto wa ndugu au dada wa kazi? Kabla hujamkemea, muulize ameacha nani nyuma.